Faili Isiyolingana

Watu wa kwetu wakitaka kunichokoza husema mimi ndiye mwanamke aliyelilia mchezo wa kompyuta kuliko alivyomlilia ndugu yake kwenye mazishi. Waseme tu, mdomo ni wao. Kwenye mazishi nililia kama wengine wote, kwa sauti, jinsi inavyotakiwa. Lakini kilio chenyewe, kile cha kukata pumzi, kilinipata baadaye mjini Migori, mchana kweupe, nikiwa kazini mbele ya kompyuta na wateja wamepanga foleni wakisubiri barua zao zichapwe. Nataka kueleza ilikuwaje, maana nimechoka kusikia wengine wakinielezea.

Mwanzo wake ni Homa Bay, tukiwa watoto. Baba alikuwa mpishi wa padri mmoja mzungu, na tulikaa kwenye nyumba za wafanyakazi, zile zilizokuwa na stima. Padri alipomaliza muda wake akarudi kwao, alimwachia baba televisheni ndogo isiyokuwa na rangi, na pamoja nayo mashine ya michezo. Ilikuwa nyeusi, pana kama droo ya kabati, na ilikuwa na vishikio viwili vyenye vifungo, kila kimoja kimeunganishwa kwa waya uliojisokota. Mchezo ulikuwa mmoja tu. Kimtu kidogo kinapanda mlima na ndoo ya maji, na wanyama fulani wanashuka mbio kukipiga kumbo. Walikuwa wanyama gani hasa, hakuna aliyejua. Mimi na kaka yangu tuliamua ni mbuzi, na yakaisha.

Tulicheza kwa zamu. Akianguka yeye, napanda mimi. Nikianguka mimi, anapanda yeye. Kaka alikuwa ananizidi umri na alikuwa ananizidi kila kitu, lakini kwa mbuzi nilimshinda, na alikuwa hakubali. Alikuwa anasema kishikio changu ndicho kizuri. Tunabadilishana, namshinda tena. Mama anapiga kelele kutoka jikoni kwamba tutapofuka, na sisi hata hatusikii.

Halafu radi ikapiga. Wanaojua mvua ya huko wanajua radi yake. Ilishuka kwa mlingoti wa televisheni, na nyumba nzima ikanuka kama nywele zilizoungua. Televisheni ikafa, mashine ikafa. Kaka aliifungua kwa kisu cha jikoni, akachungulia ndani, akaona vijumba vyeusi vyenye miguu mingi ambavyo hakujua ni vya nini. Akafunika. Akaniambia, "Usilie. Siku moja nitaiamsha."

Mimi nilisahau. Mtoto husahau, akapata kitu kingine cha kulilia. Yeye hakusahau.

Sasa tuje miaka ya tisini, karibu na mwisho wake. Kaka alikuwa amesomea kompyuta Kisumu, amerudi Homa Bay kufundisha katika chuo kimoja kidogo. Hakuwa ameoa. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo kaka alikuwa akiishi na mama kwenye boma letu nje kidogo ya mji. Mimi nilikuwa nimeolewa Migori, na kazi yangu ilikuwa kupiga chapa. Tajiri wangu alikuwa Mwislamu kutoka pwani, mfanyabiashara, mwenye duka la karatasi na vitabu vya shule, na pembeni ya duka alikuwa na chumba cha kuchapia chenye kompyuta moja. Alikuwa mtu mwema ila hachoki kunisahihisha. "Bibi wee, Kiswahili chako kina changarawe," alikuwa akiniambia. Namjibu, "Na chako kina nazi nyingi, kitakupa kiungulia." Anacheka mpaka anashika meza.

Siku moja nikiwa nimekwenda Homa Bay kumwona mama, kaka akaniita kwenye chumba chake. Alikuwa amenunua kompyuta ya mkono wa pili, kipande kimoja leo, kingine mwezi ujao, mpaka ikakamilika. Akaniketisha, akaniuliza, "Unakumbuka mbuzi?"

Akanieleza mambo ambayo mwanzoni niliona ni hadithi. Kwamba ile mashine ya padri, kama mashine zote za aina yake, ilikuwa na maneno machache iliyozaliwa nayo. Ukiiwasha, kabla haijafanya lolote, inasoma yale maneno: amka, onyesha jina lako, tafuta mchezo, anza. Bila hayo ni bati tu. Sasa huko ng'ambo kuna watu waliochukua yale maneno kutoka kwa mashine nzima, wakayaweka kwenye faili. Halafu wengine wakatengeneza programu ya kuigiza ile mashine. Ukiipa programu ile faili ya kuamshia, kompyuta inajiona yenyewe ndiyo mashine ya padri, na mchezo unacheza.

"Basi iamshe," nikasema.

"Yawa! Ungejua," akasema. "Faili nilizonazo zote ni mbovu."

Rafiki yake mmoja Nairobi alikuwa anafanya kazi mahali penye intaneti, na alikuwa akimtumia disketi kwa basi. Kila disketi ina faili ya kuamshia, na kila faili ina jina zuri kabisa. Lakini nyingine zilikuwa zimekatika njiani, nyingine zimechezewa na watu, nyingine si za mashine ile hata kidogo. Kujua iliyo nzima kulikuwa na njia moja. Kaka alikuwa na programu ndogo inayosoma faili kutoka mwanzo hadi mwisho, inaijumlisha kwa hesabu zake, halafu inatoa namba moja iliyochanganyika na herufi. Namba ya faili halisi ilijulikana. Ukipata namba ile ile, faili yako ni nzima. Ukikosa, umekosa.

Nilikaa naye mchana kutwa tukizipima. Yeye anaweka disketi, mimi nasoma namba kwa sauti, yeye anatikisa kichwa. Namba halisi niliishika kichwani kama namba ya sanduku la posta. Kuna faili moja ilipotoa namba isiyofanana hata kidogo, nikaihurumia, nikasema labda ina kosa dogo tu, si tuijaribu?

"Hapa hakuna kosa dogo, nyamera," akasema. Nyamera ni dada yangu, kwa Kijaluo. "Ukigeuza herufi moja tu mle ndani, namba yote inageuka. Usiamini jina la faili, jina mtu yeyote anaweza kuandika. Amini namba. Isipolingana, futa. Usiihurumie."

Akaifuta mbele yangu. Hivyo ndivyo alivyonifundisha, na mimi nikishafundishwa kitu na kaka yangu sikibadilishi.

Kisha akaanza kuugua. Ule ugonjwa, sisi tulikuwa hatuutaji, na hata sasa kalamu yangu inasita. Majirani walisema ni chira, kwamba kuna mwiko umevunjwa katika boma letu. Watu wa kanisa walisema aombewe. Mama alifanya yote mawili na kuchemsha mizizi juu ya hayo. Kila nikienda namkuta shati limezidi kuwa kubwa. Lakini chuoni alikuwa bado anakwenda mchana, siku ambazo miguu inakubali. Kulikuwa na mwalimu mwenzake, Mkuria, mtu mrefu mpole, ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumvusha barabara na kumrudisha nyumbani. Siku asizoweza kutoka, mwalimu huyo alikuja kukaa naye pale pale kwenye kompyuta yake.

Mara ya mwisho kuzungumza naye akiwa na nguvu za kuzungumza, alikuwa ameegemea ukuta nje ya nyumba, kwenye kivuli, amejifunika blanketi na jua linawaka. Nilimletea machungwa. Hakula. Akaingiza mkono chini ya blanketi akatoa disketi iliyofungwa kwenye kitambaa cha mkono.

"Nimeipata," akasema. "Hii ni yako. Ya kuamshia imo, na mbuzi wako wamo."

"Inalingana?" nikamuuliza. Hilo ndilo lilikuwa swali langu, kwa vile ndilo alilonifundisha kuuliza.

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Nikampa maji. Alipotulia akasema, "Wewe iwashe tu. Usikimbilie kucheza. Tulia kwanza, uangalie vile inaamka."

Nilidhani ni maneno ya mtu anayeona fahari kwa kazi yake. Nikaitia disketi ndani ya mkoba.

Hakukaa sana baada ya hapo. Tulimzika nyumbani, upande wa kushoto wa lango, na mvua ilinyesha.

Sasa nifike kwenye jambo linalonipandisha hasira hata leo. Kwetu mtu akizikwa, inatengwa siku ya kugawana vitu vyake. Ndugu wanakaa, mzee mmoja anasimamia, na kila mtu anapewa kitu: koti, kiti, jembe, redio. Si uroho. Ni ili kila mmoja abaki na kitu cha kumshika nacho. Kwa jembe na koti sina ugomvi. Lakini siku ile, kwenye mkeka, pamoja na viatu vyake na suruali zake, walikuwa wameiweka kompyuta. Kioo chake hapa, sanduku lake pale, kibao cha herufi kando, nyaya zimekunjwa kama kamba za kufungia ndama.

Mzee akanyoosha fimbo. Ile televisheni, yaani kioo cha kompyuta, apewe baba mkubwa wa Rusinga. Lile sanduku, apewe baba mdogo wa Karungu. Kile kibao, apewe binamu. Nikasimama, nikapiga kelele, "Ngojeni! Hicho ni kitu kimoja!"

Mzee akaniangalia kwa upole. "Hata ng'ombe ni kitu kimoja, binti yangu, na tunamgawa."

Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani kinachotafuta mlango. Nikawaambia kwamba ikitenganishwa hakuna kipande kitakachofanya kazi, kwamba watakuwa wamebeba takataka. Wakaniambia mimi nimeolewa, ni wa Migori sasa, nikae chini. Mama akanivuta kwa sketi. "Kaa, mama," akaninong'oneza. "Hawamchukui yeye. Yeye ameshakwenda." Nikakaa. Nikamwona baba mdogo wa Karungu akiondoka amelikumbatia sanduku kifuani, kwa adabu, kama mtu aliyebeba mtoto anayepelekwa kubatizwa. Nilimchukia siku ile, haki ya Mungu, nilimchukia.

Disketi hakuna aliyeiulizia. Ilikuwa kwenye mkoba wangu, ndani ya kitambaa.

Yule mwalimu Mkuria alinijia kabla sijarudi Migori, akanipa disketi nyingine yenye ile programu ya kuigiza mashine. Alisema hii ni mpya kuliko aliyokuwa nayo kaka, ni nzuri zaidi. Nikamshukuru.

Nilingoja Ijumaa, tajiri alipokwenda msikitini na duka limetulia. Nilikuwa nimemwomba ruhusa, naye akasema, "Hiyo ni amana ya ndugu yako, ifungue, hata usiniulize." Nikaingiza programu. Nikaingiza disketi ya kaka, nikaondoa mikono, nikatulia niangalie inavyoamka, kama alivyoniambia.

Haikuamka. Programu ilikataa katakata. Iliandika kwamba faili ya kuamshia si sahihi, ikafunga. Nikarudia, ikakataa. Nikatoa ile programu ndogo ya kupima, ambayo kaka alininakilia siku ile, nikaipima faili yake, nikasoma namba kwa sauti peke yangu mle chumbani. Haikulingana. Haikukaribia hata. Kila herufi ilikuwa nyingine.

Nilihisi nimefiwa upya. Mtu amejikokota na mifupa yake akakuletea kitu kimoja tu, na kitu chenyewe kimeharibika mkononi mwako. Tajiri aliporudi alinikuta nimeinamisha kichwa mezani. Nikamweleza. Akaichukua disketi, akaigeuzageuza. "Disketi hizi ni kama maziwa, mwanangu. Zikikaa vibaya zinaganda. Iliwekwa wapi?" Nikakumbuka redio ya kaka yenye spika kubwa, ilikuwa kando ya kitanda chake, na kila mtu anajua spika ina sumaku. Nikakumbuka lile jua na lile blanketi. Basi, tukakubaliana kwamba imeganda.

Tajiri mwenyewe akapiga simu chuoni Homa Bay. Mwalimu hakuwepo karibu, tukaacha ujumbe: disketi imekufa, tunaomba faili safi ya kuamshia. Mwalimu naye mtu wa watu, akahangaika, akaipata, akaituma kwa gari la Migori ndani ya bahasha. Nikaipima kabla hata sijakaa vizuri. Jamani! Namba ilitoka moja kwa moja, ile ile niliyoikariri, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Nilipiga kigelegele dukani, na mama mmoja aliyekuja kununua kalamu akaniuliza nani amejifungua.

Kilichobaki kilikuwa kuinakili kwenye disketi ya kaka, mahali pa ile mbovu, ili mchezo uipate. Kompyuta ikauliza: faili yenye jina hili ipo tayari, je, iandike juu yake? Tajiri alikuwa amesimama nyuma yangu. "Haya, Bibi, mwambie ndiyo." Nikasikia na sauti ya kaka. Isipolingana, futa. Usiihurumie. Nikabonyeza ndiyo. Taa ya disketi ikawaka, ikazima.

Ikaamka. Kioo kikawa cheusi, halafu likaja jina la kampuni iliyotengeneza ile mashine, kwa herufi zake kubwa, na mwaka wake chini. Nililitazama sana, kwa kuwa aliniambia nitazame. Niliona ni zuri. Halafu mlima ukatokea, na kimtu, na ndoo.

"Hawa ni mbuzi au mbwa?" tajiri akauliza.

"Ni mbuzi," nikasema. "Hiyo ilishaamuliwa."

Nilikuwa nimechagua wachezaji wawili bila kufikiri, kwa mazoea tu. Nikapanda, nikapigwa kumbo, nikaanguka. Ikaja zamu ya pili. Kimtu cha pili kikasimama chini ya mlima na ndoo yake, na mimi sikukigusa. Mbuzi wakashuka. Tajiri akafahamu, akatoka taratibu akaenda kupanga daftari ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nililia kidogo, lakini kilikuwa kilio kizuri. Nilijiambia, ametimiza. Alisema ataiamsha, na ameiamsha.

Ningekuwa mtu mwenye bahati, hadithi ingeishia hapo.

Baada ya majuma machache mwalimu Mkuria alipitia Migori akienda kwao, akaingia dukani kunisalimu. Nikamfurahia kweli. Nikamnunulia soda, nikamweleza kwamba mchezo unacheza, kwamba ile faili yake ililingana barabara.

"Na ile ya kwake?" akauliza. "Si uliiona kwanza, kabla haijafa? Ile salamu?"

"Salamu gani, mwalimu?"

Akaweka soda chini. Nikaona uso wake unabadilika, nikajua kuna jambo, ila sikujua ni kubwa namna hii. Akaanza kueleza polepole, kama mtu anayetembea gizani akipapasa. Kwamba kaka alikuwa ameipata faili halisi, nzima, inayolingana, zamani kidogo kabla hajafa. Lakini hakutaka kunipa hivyo hivyo. Kuna programu ya kufungua faili na kuona herufi zake ndani. Pale penye jina la kampuni na mwaka, maneno ambayo mashine huonyesha inapoamka, kaka alifuta, akaandika maneno yake. Yalipaswa kutosha pale pale, nafasi zile zile, yasizidi hata herufi moja, kwa hiyo alihangaika kutafuta maneno yanayotosha. Anaandika, anafuta. Anaandika, anafuta. "Nilikuwa namwambia alale, anakataa. Alisema dada yake akiwasha, isiwe kampuni ndiyo inamsalimia."

Nikasema, "Lakini haikulingana."

"Haingelingana, dada. Alikuwa ameigeuza. Kwenye kompyuta yake alikuwa ameizima ile sehemu ya programu inayokagua namba. Mimi nikakupa programu mpya, inayokagua yenyewe, na hilo sikulikumbuka kabisa. Mlipoacha ujumbe kwamba disketi imekufa, nilidhani imekufa kweli, haisomeki." Akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Uuuwi. Mungu wangu."

"Yalisema nini, mwalimu?"

"Yalikuwa ya Kijaluo."

"Ndiyo, yalisema nini?"

"Dada, mimi ni Mkuria. Jina lako lilikuwepo mwanzoni, hilo nililijua, alikuwa analitaja kila siku. Yaliyofuata sikuyajua. Nilimuuliza. Akacheka, akaniambia, wewe Mkuria haikuhusu, hii ina mwenyewe."

Hapo ndipo nilipolia kile kilio wanachonisemea. Nililia mbele ya foleni, mbele ya mtu aliyekuja na barua ya kuomba kazi, mbele ya tajiri wangu aliyekuwa akisema "Inna lillahi" chini kwa chini na hajui aweke wapi mikono. Wala sitaki mtu aniambie nijilaumu au nisijilaumu. Nilifanya alivyonifundisha, neno kwa neno. Faili ya watu wasionijua ililingana, nikaiamini. Ya ndugu yangu ilikataa kulingana kwa sababu nilikuwa ndani yake.

Tajiri alijaribu. Alitafuta fundi mwenye programu ya kurudisha vitu vilivyofutwa. Fundi akasema kilichofutwa hurudi, kilichoandikwa juu yake hakirudi. Basi ikabaki njia moja. Kaka alikuwa amefanya kazi ile kwenye kompyuta yake mwenyewe, na mle ndani ya sanduku lazima ile faili ilikuwa imebaki. Nikapanda gari la Karungu kesho yake asubuhi.

Baba mdogo alinipokea kwa furaha nisiyoistahili. Alikuwa ameanika omena, wale dagaa wa ziwani, akaziacha, akaniletea kiti. Nilimsalimu, nikamuuliza habari za nyumbani, nikajizuia hadi niliposhindwa. Nikamuuliza lile sanduku liko wapi.

"Lipo!" akasema. "Twende uone."

Lilikuwa nyuma ya jiko, limetobolewa matundu, mama mdogo analikaushia samaki kwa moshi. Ndani halikuwa na kitu. Vile vibao vya kijani, akasema, watoto wa jirani walivichukua. Vile vingine viliuzwa na chuma chakavu. "Lakini moyo wake niliubakisha," akasema. "Uko ndani."

Nikamfuata. Ukutani, kando ya dirisha, kwenye msumari, kulikuwa na duara la kung'aa lenye tundu katikati. Kaka aliwahi kunifungulia moja iliyokufa, akanionyesha: kila kitu mtu anachoandika kwenye kompyuta hukaa kwenye hili duara. Baba mdogo alilifungua kwa spana, akaona linang'aa, akalifanya kioo cha kunyolea ndevu. Alama za vidole vyake zilikuwa juu yake, na povu la sabuni lililokauka, na mchubuko mrefu alipolisugua kwa mchanga.

Akalitoa kwenye msumari akanipa mkononi. "Umepata vumbi njiani, jiangalie. Kizuri, hakivunjiki."

Nikajiangalia. Nikamwomba anipe nikae nacho. Mara ya kwanza maishani mwangu baba mdogo akaninyima kitu. Alisema taratibu, bila kuniangalia, "Kingine ungeomba ningekupa, mwanangu. Hiki hapana. Kila asubuhi nikinyoa huwa namsalimu."

Nikakifuta kwa leso, nikamrudishia. Akakitundika kwenye msumari. Maneno ya kaka yangu yalikuwa humo, au yalikuwa yameshasuguliwa na mchanga, na hakuna mtu chini ya jua angeweza kuniambia ni lipi. Mama mdogo akatuita tukale. Nilikula, nikashukuru, nikapanda gari la kurudi. Mpaka leo sijui kaka yangu aliniambia nini.